Hesabu ya mwanafunzi: kisa cha michepuo ya ufundi na kurudi kwa amali

Januari 2024 baadhi ya sekondari za Tanzania Bara zilipokea Kidato cha Kwanza cha namna mpya. Ni watoto wa miaka 13 au 14 ambao, pamoja na masomo ya kawaida, wanasoma umeme, ujenzi, ufundi magari, uchomeleaji, ushonaji au kilimo kama fani kamili, si kipindi cha kujaza ratiba. Huo ndio mkondo wa amali, uliotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023. Mzazi wa Kitanzania akipewa taarifa hiyo, swali lake la kwanza linajulikana hata kabla hajafungua mdomo: "Kwani mwanangu amefeli?"

Swali hilo halikuanza juzi. Nchi hii iliwahi kuingiza ufundi katika sekondari zake za serikali, kwa nia njema, kwa fedha nyingi, chini ya kiongozi aliyeliamini jambo hilo kutoka moyoni. Vijana wakapita humo, wakaondoka, na wengi hawakugeuka nyuma. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni mafupi: vijana wetu wanadharau kazi za mikono. Sikubaliani nayo. Nikikiangalia kisa hiki vizuri naona vijana waliopiga hesabu zao sawasawa, na watu wazima waliokataa kuitazama hesabu hiyo.

Ngazi ya Ifunda na Moshi

Ufundi wa shuleni ulianza kabla ya uhuru. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilifungua shule ya ufundi Ifunda, Iringa, mahali ambapo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi. Mwaka 1957 ikafuata Moshi. Kazi yake ilikuwa kutoa mafundi mchundo: maseremala, waashi, mafundi bomba, mafundi umeme, watu wa kutengeneza mashine. Mkoloni alihitaji mikono, hakuwa anatafuta wahandisi weusi.

Baada ya uhuru shule hizo zikageuzwa sekondari za ufundi, zikaungana na nyingine hadi kukawa na majina ambayo kwa kizazi fulani yalitajwa kwa heshima: Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Musoma, Bwiru ya wavulana kule Mwanza, Iyunga ya Mbeya. Aliyepangiwa "Moshi Tech" nyumbani hawakuuliza kama amefeli. Walichinja kuku.

Kwa nini? Karakana zilikuwepo, randa na jiriwa zilikuwepo, lakini vitu hivyo baadaye vilipelekwa na kwingine bila heshima hiyo kufuata. Tofauti ilikuwa ngazi. Kijana wa sekondari ya ufundi alijua kwamba akimaliza Kidato cha Nne vizuri kuna chuo cha ufundi Dar es Salaam, baadaye Arusha na Mbeya, ambako atasoma cheti kilichoitwa FTC na kutoka fundi sanifu. Fundi sanifu alikuwa na kiti ofisini na kofia ya saiti. Akisonga mbele zaidi, mlango wa uhandisi ulikuwa haujafungwa. Kwa hiyo alipokuwa akisugua chuma kwa tupa saa nzima ili kipande kikae katika kipimo, alijua anasugua kuelekea wapi. Na waliochaguliwa kwenda huko walikuwa watoto wenye alama nzuri za hisabati. Shule haikuwa pipa la mabaki.

Hili linasahaulika kirahisi. Watu wanakumbuka mashine, wanasahau kilichokuwa mbele ya mashine.

Michepuo inapofika kila shule

Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake ilikuwa nzito na bado haijajibiwa yote: kwamba shule tulizorithi zinamwandaa mtoto kwa hatua inayofuata tu, na kwa kuwa wengi hawafiki hatua hiyo, shule inawafundisha wengi kujiona wameshindwa. Alitaka kila hatua ya elimu iwe kamili yenyewe, na shule iwe pia mahali pa uzalishaji.

Katika miaka ya 1970 fikra hiyo ikaingia sekondari kwa jina la michepuo. Shule ilipewa mchepuo wa kilimo, ufundi, biashara au sayansi kimu. Mwanafunzi hakuchagua sana. Alipangiwa shule, na shule ilikuja na mchepuo wake. Sayansi kimu, kwa mazoea ya wakati ule, ikawa ya wasichana, na ufundi kwa kiasi kikubwa ukabaki wa wavulana. Maana yake ni kwamba wasichana wengi hawakutambulishwa kwa umeme wala ujenzi hata kwa bahati mbaya.

Kando ya michepuo kulikuwa na Elimu ya Kujitegemea yenyewe, "EK": shamba la shule, kuku, bustani, mabanda ya nguruwe. Hapa ndipo pana jambo ambalo naona halipewi uzito unaostahili. Katika shule ileile iliyomwambia mtoto kwamba kazi ya mikono ni heshima, mtoto aliyechelewa namba alipewa jembe. Aliyeongea Kiswahili siku ya Kiingereza alifyeka. Aliyetoroka bweni alichimba kisiki. Kila aliyesoma sekondari Tanzania anaijua orodha hii kwa mikono yake, na katika shule nyingi haijafutika hadi leo. Kuna somo mtoto hufundishwa ubaoni, na kuna somo analofundishwa na utaratibu wa siku. Ubao ulisema kazi ni uhai, utaratibu ukasema kazi ni adhabu. Mtoto mwenye akili timamu angeamini kipi?

Ndiyo maana hotuba za kuwahimiza vijana "wasichague kazi" hazijawahi kufika mbali. Zinapingana na miaka minne ya ushahidi.

Utafiti uliosomwa nusu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Benki ya Dunia ilitaka kujua kama michepuo ya namna hii inalipa, ikazichunguza nchi mbili: Kolombia na Tanzania. Matokeo yalichapishwa mwaka 1985 na George Psacharopoulos na William Loxley. Kwa upande wetu, wanafunzi wa Kidato cha Nne wa michepuo tofauti walipimwa, kisha wakafuatiliwa baada ya mwaka mmoja kuona wako wapi.

Kwa kifupi, waliosoma mchepuo waliujua mchepuo wao kuliko wasiousoma, jambo ambalo si dogo. Shule zao ziligharimu zaidi, na za ufundi zilikuwa miongoni mwa ghali kabisa, maana karakana inataka mashine, malighafi na darasa dogo. Lakini kwenye ajira na kipato, baada ya mwaka ule mmoja, hawakuonekana kuwatangulia wenzao wa masomo ya kawaida. Na sehemu kubwa hawakuwa kazini hata kidogo. Walikuwa wameendelea na masomo au mafunzo mengine.

Utafiti huo ulisomwa duniani kote kama hukumu: ufundi sekondari ni pesa iliyomwagwa. Ukisomwa ukiwa umesimama Tanzania ya 1981, unasema kitu kingine. Mwajiri mkubwa wakati ule alikuwa serikali na mashirika ya umma. Mshahara ulifuata ngazi, na ngazi ilifuata cheti. Mwenye Kidato cha Sita alianzia juu ya mwenye Kidato cha Nne, na mwenye shahada juu ya wote wawili, hata kama huyo wa Kidato cha Nne ndiye pekee aliyejua kwa nini jenereta haliwaki. Katika mpangilio huo, kijana aliyesoma mchepuo wa ufundi kisha akakimbilia Kidato cha Tano alifanya jambo lenye faida kuliko yote yaliyokuwa mbele yake. Mwaka mmoja wa kufuatilia nao ni mfupi mno kwa kazi inayomtaka mtu akae chini ya fundi mkuu miaka kadhaa kabla hajaaminiwa na tenda.

Miaka ishirini kabla ya utafiti huo kuchapishwa, mwaka 1965, mwanasosholojia Philip Foster alikuwa ameliona jambo hilo hilo Ghana. Wakoloni na wamisionari walilalamika kwa karne nzima kwamba Waafrika wanapenda vitabu na kukwepa zana. Foster akaangalia mishahara, akaonyesha kwamba masomo ya vitabu ndiyo yaliyokuwa elimu ya ufundi halisi ya Ghana, kwa sababu ndiyo yaliyompa mtu kazi inayolipa. Mtaala, alisema, haubadilishi matamanio ya kijana. Kinachoyabadilisha ni kile anachokiona kikitokea kwa waliomtangulia.

Naiona hoja hiyo kuwa kweli kwa sehemu kubwa, ila kuna mahali inakosa. Inamchukulia kijana kana kwamba anaona kila kitu. Kijana wa sekondari anaona kilicho dirishani kwake tu.

Majirani zetu walipita njia karibu na hiyo. Kenya ilipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985 ilijaza masomo ya ufundi shuleni, wazazi wakachangishana kwa harambee kujenga karakana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mengi ya masomo hayo yakapunguzwa au kufutwa, mzigo ukiwa mkubwa na vifaa haba. Sasa wanajaribu tena, na sekondari ya juu ya mtaala wao mpya inatoa njia tatu, masomo ya kiufundi yakiwekwa ndani ya ile ya sayansi na teknolojia. Angalau safari hii ufundi umeketishwa chumba kimoja na fizikia.

Kilichokuwa dirishani

Kwetu, miaka ya 1990 fedha zilipokauka, karakana zilikufa taratibu bila tangazo. Mashine zilikaa bila vipuri, walimu wakastaafu bila wa kuwarithi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ilianzishwa kwa sheria ya 1994 na ikachukua ufundi wote mabegani, jambo zuri, ila likazaa mgawanyo mbaya: sekondari ni ya wanaoendelea, VETA ni ya waliokwama. Kuanzia hapo "utapelekwa VETA" likawa neno la kumtishia mtoto asiyefanya kazi za nyumbani. Nusu ya pili ya miaka ya 2010 serikali ikaanza kukarabati zile sekondari kongwe za ufundi na kuzipa vifaa vipya. Kwa sekondari za kata, ambako watoto wengi wapo, hakuna kilichobadilika.

Au tuseme kilibadilika, ila hakuna aliyekitumia. Mwishoni mwa 2021 na kuingia 2022 yalijengwa nchi nzima yale tuliyoyaita "madarasa ya UVIKO": vyumba 15,000, vikiwemo 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, kwa sehemu ya mkopo wa Sh1.3 trilioni kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Kila chumba kilipewa Sh20 milioni. Na vilijengwa kwa force akaunti, maana yake hapakuwa na kampuni kubwa. Shule iliunda kamati ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi, ikanunua saruji na nondo yenyewe, ikaingia mkataba na fundi wa mtaani.

Hebu lifikirie hilo. Kwa wiki kadhaa, ndani ya uzio wa maelfu ya shule, mita chache kutoka dirisha la Kidato cha Pili, kulikuwa na karakana kamili. Msingi ulichimbwa, jamvi likamwagwa, boma likapanda, lenta ikafungwa nondo, mafundi wakapaua, wakapiga lipu, wakachomelea madirisha, wakafunga umeme. Darasani mwalimu alikuwa akifundisha Pythagoras, mada ya Kidato cha Pili. Nje fundi alikuwa akivuta kamba: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, mshazari usome mita 5 kamili, vinginevyo kona haijakaa skwea na ukuta wote utaenda kombo. Mambo mawili hayo ni kitu kimoja, na hayakukutanishwa. Nchi ambayo watahiniwa wanaofaulu Hisabati Kidato cha Nne hawafiki theluthi moja ilikuwa na somo la bure uwanjani, ikafunga dirisha ili kelele zisiwasumbue wanaosoma.

Ushiriki wa wanafunzi, pale ulipokuwepo, ulikuwa kubeba maji na kusogeza mchanga. Usaidia fundi, tena usiolipwa. Tumerudi kwenye lile jembe.

Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo naona njia iliyo rahisi kuliko zote tulizowahi kujaribu. Kumtambulisha mwanafunzi kwa ufundi hakuhitaji karakana ya mamilioni kwa kuanzia. Kunahitaji ujenzi unaoendelea, fundi aliyepewa heshima ya mwalimu kwa saa moja kwa wiki, na mwalimu wa somo anayesimama kando yake. Chumba cha mita 9 kwa 7, jamvi la sentimita 10, ni mita za ujazo 6.3 za zege. Wakokotoe wenyewe saruji ngapi kwa uwiano wa moja, mbili, nne, kisha walinganishe na risiti za kamati ya mapokezi. (Wenyeviti wengine wa kamati hawatalipenda zoezi hili.) Mwalimu wa Kemia aeleze kwa nini zege linamwagiliwa siku saba na zaidi: saruji haigandi kwa kukauka, inagandia ndani ya maji, na ukiinyima inapasuka. Umeme ukifungwa, mwalimu wa Fizikia achukue birika la wati 2,000 kwenye volti 230, wapate karibu ampia 8.7, kisha wamuulize fundi kwa nini amepitisha waya wa milimita za mraba 2.5 kwenye soketi na 1.5 kwenye taa.

Baada ya hapo waulize swali ambalo watoto hutaka kuuliza na watu wazima huliona utovu wa adabu: "Shikamoo fundi. Kazi hii umelipwa shilingi ngapi, na imekuchukua siku ngapi?" Wasikie na upande wa pili pia: miezi isiyo na kazi, mteja anayekula labour charge, mgongo unaouma ukifika miaka 45, ngazi iliyoteleza. Kijana anayeonyeshwa pesa tu atajiona ametapeliwa atakapoona mengine, na hatakosea.

Siku za taaluma tulizonazo zinafanya kinyume. Anaalikwa daktari, mwanasheria, ofisa wa benki, mhitimu wa zamani aliyeko Dodoma wizarani. Kila mmoja anasema msome kwa bidii. Fundi haitwi shuleni mpaka choo kizibe.

Mlango wa kutokea

Hata hivyo utambulisho mzuri ukiishia kwenye ukuta, Foster atakuwa na haki tena. Mwanafunzi akishavutiwa na umeme atauliza kinachofuata.

Mfano wa leo unaonyesha ngazi ipo, ila imefichwa. Ili nyumba iunganishwe na TANESCO, shirika la umeme, nyaya zinatakiwa ziwe zimefungwa na mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na leseni hizo zina madaraja, kila daraja na mipaka ya kazi na sifa zake za kielimu. Fundi hodari aliyejifunza mtaani kwa miaka kumi bila cheti hawezi kuikamilisha kazi hiyo kwa jina lake. Inabidi apite chini ya mhuri wa mwingine. Hapo cheti si karatasi ya kutundika sebuleni, kinaamua nani anabaki na faida. Ni mwanafunzi gani wa sekondari amewahi kuchorewa ngazi hiyo? Tunawachorea ya udaktari, kutoka tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) mpaka Muhimbili, wanaijua kama sala.

Uchomeleaji nao ni hivyo hivyo. Kila mtaa una mchomeleaji wa mageti na madirisha. Lakini bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443 ambazo 1,147 ziko kwetu, halikumtaka mtu wa mageti. Kuunga bomba kunapimwa kwa mkao. Mmoja kati ya mikao migumu ya mtihani, unaoitwa 6G, hulifunga bomba limelala nyuzi 45 na haligeuki, mchomeleaji ndiye anayelizunguka, kisha mshono unakaguliwa ndani kwa miale kutafuta tundu lisiloonekana kwa jicho. Kati ya geti na mshono ule kuna miaka ya mafunzo, na kuna tofauti ya kipato ambayo kijana yeyote angeielewa bila hotuba. Habari hizo ziliwafikia wanafunzi wangapi wa sekondari za kata za mikoa lilikopita bomba, wakiwa bado na muda wa kujiandaa?

Sasa rudi kwa amali. Kuna mambo imeyapatia kuliko michepuo. Fani imewekwa ndani ya sekondari, haikuachwa VETA peke yake. Mpango ni kwamba mhitimu abebe cheti cha Kidato cha Nne na pia utambuzi wa fani yake kwenye mfumo wa mafunzo ya ufundi, kwa hiyo akitaka kuendelea na vyuo vya kati hajajifungia nje. Hii ni sawa na kurudisha ile ngazi ya Moshi, na kama nikiombwa kutetea kitu kimoja tu katika sera nzima nitatetea hicho.

Ninachokihofia kiko sehemu nyingine. Kwanza ni uchaguzi. Mtoto wa miaka 13 anaingia amali kabla hajashika bisibisi. Kama anapangiwa tu kwa sababu shule iliyo karibu ndiyo yenye mkondo, tutakuwa tumerudia upangaji wa michepuo. Na kama walimu wakuu, taratibu, wataanza kuwasukumia huko wenye alama za chini ili kulinda wastani wa mkondo wa jumla, mzazi aliyeuliza "kwani amefeli?" atakuwa amejibiwa ndiyo. Kishawishi hicho kipo, maana shule inapimwa kwa matokeo ya mtihani.

Pili ni fedha, na hapa hesabu ya mwanafunzi inarudi wazi kabisa. Tangu mwaka wa fedha 2022/23 Kidato cha Tano na cha Sita havina ada. Chuo cha ufundi stadi kina ada, hata kama ni ndogo, na kina vifaa vya kununua. Kijana wa familia maskini aliyemaliza Kidato cha Nne ana mlango mmoja wa bure na mmoja wa kulipia. Tukimwona anapita wa bure tusiseme anadharau ufundi.

Tatu ni mwalimu. Chuo cha walimu wa ufundi stadi cha Morogoro hakiwezi peke yake kuijaza nchi. Mwenye shahada ya ualimu mara nyingi hajawahi kumaliza kazi ya mteja, na fundi aliyemaliza kazi mia hana karatasi ya kumwingiza darasani. VETA tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo, ambao umewapa vyeti mafundi wengi wa mtaani. Ungeweza kunyooshwa kidogo, fundi wa aina hiyo akaajiriwa na shule kwa muda, akifundisha pamoja na mwalimu mwenye somo. Naona hilo lina faida kuliko semina ya wiki mbili ya kumgeuza mwalimu wa Jiografia kuwa wa mabomba.

Halafu kuna 2028. Watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza msingi wakiwa darasa la sita mwishoni mwa 2027, mwaka uleule ambao wa mwisho wa mfumo wa zamani watamaliza la saba. Januari 2028 makundi mawili yataingia Kidato cha Kwanza kwa pamoja. Shule ikikosa vyumba, chumba cha kwanza kugeuzwa darasa kitakuwa karakana: ni kikubwa, kina bati zuri, na kina watoto wachache ndani. Mkuu wa shule atakayefanya hivyo hatakuwa mtu mbaya. Atakuwa na watoto mia moja wamesimama juani.

Kundi la kwanza la amali litafanya mtihani wa Kidato cha Nne mwishoni mwa 2027, miezi michache tu kabla ya msongamano huo. Takwimu zitakazosomwa redioni zitakuwa za ufaulu, na zitapigiwa makofi au kulaumiwa. Mimi nitasubiri nyingine: kati ya wale wa amali watakaopata daraja la kwanza, wakiwa na uhuru wa kwenda popote, wangapi wataiendeleza fani yao kwa kuichagua wenyewe.